Madam Cheptanui na Msomaji Aliyebaki Nje

Bi. Priscah Cheptanui anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia Maktaba ya Mijakaranda hapa Nakuru kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa msaidizi wa kupanga vitabu na anatoka akiwa Mkutubi Mkuu. Katika miaka hiyo yote amechelewa kazini mara chache sana, na kila alipochelewa alitueleza sababu kabla hatujamuuliza, akatunyima hata ile raha ndogo ya kumsengenya.

Wasomaji humwita Madam. Vijana wa vyuo huingia na "sasa Madam" yao na hujibiwa "fiti, punguza sauti" bila yeye kuinua macho. Sisi wafanyakazi humwita Madam. Mumewe naye, tumemsikia kwa masikio yetu, humwita Madam. Mimi ni Lynn Muturi wa meza ya kuazimia vitabu. Nimefanya kazi chini yake tangu mwaka 2010, na nimepewa jukumu la kuandika wasifu huu kwa sababu, wenzangu wanasema, nina mdomo. Haya, mdomo ninao, na leo utatumika.

Nilipomweleza Madam kazi niliyopewa, alinipa sharti moja. Alisema niandike ninachotaka, hata vile anavyokataa sukari kwenye chai halafu anamaliza sahani ya mandazi peke yake, lakini nisipotaja habari ya Bwana Bethwel yeye hatakanyaga ukumbini siku ya kuagwa. Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi nikafunga safari nikamwuliza Bwana Bethwel mwenyewe kama ataridhia jina lake liingie. Akasema liingie, na lisomwe kwa sauti. Kuna wenzetu kwenye kamati waliosema programu ya kuaga mtu si mahali pa kuanika makosa yake. Watanisamehe. Anayeagwa ndiye aliyeagiza.

Lakini tuanze na mepesi.

Madam alizaliwa Njoro, binti wa mwalimu wa shule ya msingi. Alipoajiriwa hapa mwaka 1993, ukumbi ulikuwa na viti vingi kuliko wasomaji, na riwaya zote zilikuwa zimefungiwa ndani ya kabati la vioo kando ya ofisi, kwa sababu mkubwa wa wakati huo aliamini hadithi za kubuni zinawaharibu vijana. Ukitaka riwaya ulibisha hodi, ukajieleza kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda matangani. Madam hakuwa amemaliza hata mwezi mmoja alipoomba ufunguo wa kabati hilo akijidai anataka kulipangusa vumbi. Akalipangusa, akatoa vitabu vyote kuvianika, halafu akasahau kuvirudisha. Mkubwa alipouliza, alijibiwa kwamba bado vinakauka. Mpaka leo vinakauka, na kabati lenyewe sasa tunawekea vikombe.

Kuanzia hapo akaanzisha mtindo wake ambao wengi wenu mmeupitia, nao ni kuzungushwa. Mtu akipata kadi mpya haruhusiwi kushika kitabu chochote kabla hajazunguka rafu zote pamoja na Madam, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani na hataki muuzaji ajue amependa yupi. Wengine walilalamika. Kuna mwanasheria mmoja aliyesema ana haraka, akaambiwa mlango ule ule alioingilia uko wazi. Alizunguka.

Madam huanzia kwenye kilimo, maana hii ni Nakuru na watu wengi huja wakiwa na shida ya mahindi. Pale kuna vitabu vya viwavi, vya mbolea na vya ng'ombe wa maziwa, vilivyoshikwa na mikono ya shamba mpaka kurasa zimepata rangi ya chai. Kutoka hapo mnavuka kwenye sheria, ambako vitabu vya mambo ya ardhi ndivyo vilivyochakaa kuliko vyote, na hatuhitaji kuelezana kwa nini. Halafu tiba. Halafu dini, ambako Mkatoliki, Msabato na Mpentekoste husimama bega kwa bega kwa amani kuliko mahali pengine popote mjini. Halafu historia, safari, mapishi, nyota na sayari. Ukidhani mmemaliza anakuvusha upande wa dirishani, na hapo riwaya zinaanza: za mapenzi, za upelelezi, za vita, za familia zinazogombana kwa kurasa mia tano. Nyuma kabisa, kwenye ukuta wenye baridi, kuna tamthilia na mashairi. Pale watu hufika kwa sababu Madam amewafikisha.

Mwisho wa mzunguko anakuuliza umekuja kutafuta nini. Ukishataja, anakuambia chukua hicho, na uchukue kingine kimoja kutoka upande ambao hukuwa na haja nao. Aliyekuja kwa maarifa aondoke na hadithi, na aliyekuja kwa hadithi aondoke na maarifa. Kuna mwanajeshi mstaafu wa Lanet aliyekuja kutafuta kitabu cha kufuga kuku, akaondoka na riwaya ya mapenzi ameificha chini ya kile cha kuku. Riwaya ndiyo iliyorudi kwanza. Alitaka nyingine. Tulipomwuliza habari ya kuku, alisema kuku wangoje.

Na nani hajui habari ya kile kitabu cha upelelezi kisicho na kurasa za mwisho? Kiling'olewa kurasa na mtu asiyejulikana, na kila mwaka mimi humwomba Madam tukitupe. Anakataa. Anasema kuna wasomaji sita au saba ambao huja hapa kubishana tu nani alimwua yule tajiri, na katika kubishana wanaazima vitabu vingine. Ni kweli. Mmoja wao ni mchungaji, na sitamtaja, ila ajue kwamba ni mpwa ndiye aliyeua.

Sasa nafika kwenye sharti.

Kwenye miaka ya 2014 na 2015 kulikuwa na msomaji aliyeitwa Bethwel, mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la mbolea mjini, mkazi wa Rhonda. Alikuwa akitoka kazini asubuhi anakuja hapa moja kwa moja, bado amevaa kabuti lake refu la kazi, lile zito lenye mifuko ya ndani na nje. Hakuna msomaji aliyeupenda mzunguko kama yeye. Wengine walizungushwa mara moja wakahitimu, lakini Bwana Bethwel alizunguka kila siku kwa hiari yake, peke yake, polepole, akigusa migongo ya vitabu kwa kidole kimoja. Alianza kwenye kilimo akamalizia kwenye mashairi ukutani, ndipo akachukua kitabu akaketi. Tulikuwa tukitaniana kwamba anazihesabu rafu ili aje kuzilinda usiku.

Mwaka 2016 tulipofanya hesabu ya vitabu tulipata pengo la kutisha. Vitabu vya tiba, vya uhasibu, vya kemia na vya sheria, hasa vile vipya na vya bei, havikuonekana. Kamati ya usimamizi ilikuja juu. Walisema yaliyo wazi kwao: watu wanaiba, rafu zifungwe, msomaji aandike anachotaka kwenye karatasi apewe kupitia dirishani. Madam alikosa usingizi. Kwake kufunga rafu ni kuua maktaba, kwa sababu mtu hawezi kuomba kitabu ambacho hajui kama kipo. Aliomba apewe muda amtafute mwizi, na kamati ikampa muda mfupi.

Mtu anayetafuta mwizi kwa hofu hakosi kumwona. Madam alimwona kwenye lile kabuti.

Ilikuwa asubuhi ya baridi mwezi wa Juni. Ukumbi ulikuwa umejaa, maana mitihani ya vyuo ilikuwa karibu. Bwana Bethwel alikuwa anatoka. Madam alimsimamisha mlangoni, mbele ya watu wote, akamwambia avue kabuti. Alilivua. Madam akaingiza mkono mfuko mmoja baada ya mwingine na kuweka mezani kila alichopata: nusu ya mkate, tochi, kitana, na leso ya mkewe. Kitabu hakikuwapo. Na hapa ndipo Madam ananitaka nisipunguze neno. Baada ya kukosa kitabu, alimwambia kwamba kukosekana leo si kusema hakuchukua jana, akachukua kadi yake na kumwambia asirudi tena. Bwana Bethwel alirudisha vitu vyake mfukoni kimoja kimoja. Alisema, "Madam, nimekusikia," akatoka.

Mwezi wa Agosti tulifunga kwa muda ili kuta zipakwe rangi. Mafundi walitaka rafu za nyuma zisogezwe, zile za tamthilia na mashairi. Ni rafu pana, za mbao za zamani, na vitabu vya mashairi, ninyi mnajua, ni vyembamba. Tulipovitoa mstari wa mbele, tulikuta nyuma yake mstari wa pili. Kemia. Uhasibu. Tiba. Sheria. Rafu baada ya rafu, vimesimama wima vizuri kabisa, vimefichwa na wanafunzi ili mwenzao asivipate kabla ya mtihani, mahali walipojua hakuna mtu atakayefika. Mwanafunzi gani wa nchi hii hajui ujanja huo? Nani kati yetu sisi wakutubi hakusoma chuo ambako watu walificha vitabu hivyo hivyo? Na bado hata mmoja wetu hakuwahi kuinua kitabu kimoja cha mashairi na kuangalia nyuma yake. Karibu vyote vilivyopotea vilikuwa pale. Havikuwa vimetoka hata hatua moja nje ya jengo.

Mtu pekee aliyekuwa akifika ukuta ule kila siku kwa kupenda ni yule tuliyemfukuza.

Madam aliketi sakafuni, kwenye lile vumbi la rangi, na sketi yake nzuri. Mafundi walidhani amezirai. Nilimletea maji hakuyanywa. Kitu alichosema nakikumbuka mpaka leo: "Lynn, nimemwonea mtu."

Kamati ilifurahi kwamba vitabu vimepatikana, na habari ya kufunga rafu ikafa. Kuhusu Bwana Bethwel, walishauri arudishiwe kadi kimya kimya, yaishe. Mmoja alisema, na nilikuwapo, kwamba huyu ni mlinzi tu, pengine hata ameshasahau. Madam alimtazama yule mheshimiwa mpaka akaanza kupanga kalamu zake. Halafu akasema alimwita mtu mwizi, na mlinzi akiitwa mwizi hana tena kazi mahali popote.

Na ndivyo ilivyokuwa. Alipokwenda Rhonda kumtafuta, majirani walimwambia Bwana Bethwel alihama. Maneno ya maktaba yalikuwa yameshafika kwenye ghala kabla ya jua kuzama siku ile ile, kwa mdomo wa mmoja wa waliokuwa ukumbini, na mwenye ghala alimwambia hawezi kumwachia mtu wa namna hiyo funguo. Bwana Bethwel alikuwa amerudi kwao, Rongai. Rongai yetu hii ya barabara ya Eldoret, msije mkamtafuta kwingine.

Madam alikwenda Rongai. Safari ya kwanza, Bwana Bethwel hakutoka nje. Mkewe, Mama Emmy, alimkaribisha Madam, akampikia chai, akaketi mbele yake na hakusema lolote mpaka chai ikaisha. Safari ya pili mwenyewe alikuwapo. Alizungumzia mahindi, mvua, na bei ya mbegu, na kila Madam alipojaribu kufungua mdomo, yeye aliongeza habari ya mvua. Safari ya tatu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uliniita mwizi mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Jumamosi iliyofuata Madam alisubiri ukumbi ujae. Alikwenda akasimama pale pale mlangoni, akapiga kengele ya kufunga ingawa ilikuwa asubuhi, na watu wote wakainua vichwa. Yule mwanamke ambaye miaka yote alituambia tunong'one, alizungumza kwa sauti ya kanisani. Alitaja jina la Bwana Bethwel. Alieleza alichomfanyia, mfuko kwa mfuko. Alieleza vitabu vilikopatikana. Alisema aliyekosa ni yeye, Priscah Cheptanui, si maktaba, si kamati, na akawaomba wote waliosikia lile la kwanza walipeleke na hili la pili kule kule walikolipeleka lile. Kuna wanafunzi waliolia. Kuna wengine walioinamisha macho, maana walijua walichoficha na wapi. Kutoka pale alikwenda kwa mwenye ghala akayarudia yote.

Mwenye ghala alimwita Bwana Bethwel arudi kazini. Alikataa. Alisema shamba linamtosha. Na maktaba pia hakurudi. Madam alimpelekea kadi mpya kwa mikono yake. Aliipokea kwa heshima, akamshukuru, akaiweka juu ya kabati, na ikakaa hapo.

Basi Madam akaanza safari ambazo wengi wenu mmekuwa mkijiuliza anakwenda wapi. Kila mwisho wa mwezi, kwa miaka karibu tisa, amepanda gari la Rongai na vitabu viwili kwenye kikapu, kimoja cha hadithi na kimoja cha maarifa. Anavichagua mwenyewe. Anazunguka rafu zote, polepole, akijaribu kufikiri mtu mwingine angesimama wapi. Bwana Bethwel huvipokea, huvisoma, na huvirudisha na maoni. Nimeyasikia baadhi. Kuhusu riwaya moja iliyosifiwa sana alituma ujumbe kwamba mwandishi hajawahi kukamua ng'ombe hata siku moja, na anapaswa kuona haya. Kuhusu kitabu kimoja cha nyota aliomba akae nacho mwezi mwingine.

Mimi nikaona mambo yamekwisha. Siku moja nikamwambia Madam, si mzee ameshakusamehe, vitabu anapata, hata analetewa nyumbani kama mkubwa? Akaniambia sijaelewa. Akasema hakumnyang'anya vitabu. Alimnyang'anya kule kupita mbele ya rafu bila kujua atatoka na nini. Vitabu viwili ndani ya kikapu ni chaguo la Madam, si la Bethwel. Alikuwa amemwuliza Bwana Bethwel mwenyewe kwa nini harudi, na mzee akamjibu, "Wewe nimekusamehe zamani. Ni ule mlango siuwezi."

Mwaka 2018 Madam aliitwa makao makuu Nairobi kwa cheo kikubwa. Alikataa. Tulidhani amerogwa. Miaka miwili baadaye mumewe alimsihi astaafu mapema wakalime Njoro, akakataa pia. Mimi na mdomo wangu nikamfuata ofisini nikamwuliza anangoja nini hapa. Akajibu, "Nina msomaji mmoja bado yuko nje." Akaendelea kupiga mihuri.

Wakati huo huo alibadilisha mengi ndani. Hakuna mtu anayepekuliwa tena mlangoni petu, awe na kabuti awe na suti. Mfanyakazi akimshuku msomaji, analeta shaka yake ofisini na mlango umefungwa, na kwanza anaulizwa ameangalia nyuma ya rafu ngapi. Kila muhula tunavuta mistari ya mbele na kutoa vilivyofichwa, na Madam alipiga marufuku kumkaripia mwanafunzi kwa hilo. Badala yake aliongeza nakala za vitabu vya mtihani, akazunguka ofisi za watu kuziomba mpaka wakawa wanajificha wakimwona. Rafu zetu ziko wazi leo kwa sababu yake. Mwanafunzi wa uuguzi anayekuja kutafuta mifupa ya mwili anaweza kupotea njia akajikuta kwenye tamthilia, na hakuna atakayemwuliza anafanya nini huko.

Mwezi wa Oktoba Madam alikwenda Rongai akamwambia Bwana Bethwel kwamba anastaafu, na kuanzia Desemba vitabu vitaletwa na mimi. Mama Emmy ndiye aliyenieleza yaliyotokea. Mzee aliuliza ni nani atakuwa mlangoni Madam akishaondoka. Madam akasema watakuwapo wengine, watu wazuri. Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Hao wengine hawakunitoa. Watanirudishaje?"

Alhamisi, tarehe 13 mwezi huu, saa za asubuhi, nilikuwa kwenye meza yangu na Madam alikuwa anahudumia foleni kando yangu, kwa sababu tulikuwa na upungufu wa watu. Nikaona ameacha kupiga muhuri. Kupitia dirishani, mwanamume aliyevaa suti ya kahawia alikuwa amesimama nje chini ya paa na mkewe ameshika mkono wake. Alikuwa mzee kuliko nilivyomkumbuka. Haingii wala haondoki.

Madam aliacha foleni. Hakukimbia, lakini sijawahi kuuona ukumbi ule ukiwa mrefu vile. Alipofika mlangoni alitoka nje kabisa, akasimama upande wa pili wa kizingiti pamoja nao. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwetu, "Karibu ndani, Bwana Bethwel." Mzee alimwashiria atangulie, kama ilivyo adabu. Madam akakataa. Akarudi nyuma hatua moja, akampisha. Mzee alivuta pumzi, akauvuka mlango, na Mama Emmy nyuma yake, na Madam wa mwisho.

Aliuliza historia iko wapi siku hizi, maana mpangilio umebadilika. Madam akaanza kumwelekeza, akajizuia. Akamwambia, "Zunguka tu, mzee. Zunguka mwenyewe." Akarudi kwenye foleni yake akapiga mihuri juu chini kwenye vitabu vya watu watatu, na hakuna aliyelalamika.

Bwana Bethwel alizunguka asubuhi nzima. Alianzia kwenye kilimo. Alisimama sana kwenye safari. Alichukua kitabu, akakisoma kurasa mbili amesimama, akakirudisha, akachukua kingine. Mama Emmy alipata kitabu cha kuoka mikate akajituliza nacho. Vijana waliokuwa wakisoma hawakumjua ni nani, na kwao alikuwa mzee mmoja anayetafuta kitabu. Saa ya chakula cha mchana ilipita, na Madam hakuinuka kwenda kula.

Hatimaye alikuja mezani na kitabu kimoja tu, riwaya nene ambayo hakuna hata mmoja wetu angefikiria kumpelekea. Aliitoa ile kadi ya miaka yote, bado mpya. Nilinyoosha mkono kuchukua muhuri, na Madam akanitangulia. Alipiga muhuri polepole, akamwambia tarehe ya kurudisha kama anavyomwambia kila mtu, na akamwonya asikunje kurasa. Mzee akasema, "Sawa, Madam. Nitakileta." Wakatoka.

Alipokwisha kuondoka, Madam alivua miwani akaipangusa, akaendelea kuipangusa hata ilipokuwa safi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. Kisha akaniambia, "Lynn, sasa naweza kwenda nyumbani."

Madam, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa leo na waliotangulia, na wasomaji wote uliowazungusha, tunakushukuru. Umetufundisha kazi, na umetufundisha mtu anavyosema "nilikosa" na kuishi na neno hilo mpaka limalizike. Njoro iwe na mvua ya kutosha, mumeo akuache upumzike, na siku zako ziwe ndefu na zenye utulivu. Nenda nyumbani, Madam. Wasomaji wako wote wako ndani.